Mchoraji Aliyesoma Minyaa

Jumamosi kamati ya zahanati inakaa, na mimi nimeombwa nilete neno la Mchoraji. Neno lenyewe sina. Nina madaftari saba, ramani moja iliyokunjwa mpaka ikachanika mikunjoni, na mambo niliyoyaona kwa macho yangu katika miaka kumi na kitu ya kushika upande wa pili wa futikamba yake. Naandika ili nimpange mtu huyu, labda nikimpanga nitamwelewa, na nikimwelewa nitajua niwaambie nini wanawake wa kule mtoni. Elimu yangu ni darasa la saba na kazi yangu ni cherehani. Mahali nitakapokosea, kosa liwe langu, asibebeshwe yeye.

Jambo lenyewe ni hili. Kijiji alikoolewa dada yangu, ukiwa hujafika Usinge, kiko kando ya mto, pale ilipokuwa inavuka njia ya zamani ya misafara. Zahanati yao imejengwa juu mlimani, kwa sababu Mchoraji alisema kule chini kivukoni mto huja, yaani hufurika. Sasa wanataka kuongeza wodi ya wazazi. Wanawake wanasema ijengwe chini, wanakoishi na wanakopita. Ramani inasema chini hapana. Mto haujaja hata mara moja tangu ramani ichorwe.

Basi nianze na mtu mwenyewe.

Ni jirani yangu hapa Isevya. Alistaafu kazi ya kuchora majengo kwenye ofisi moja ambayo siku hizi haipo, na watu wote mtaani wanamwita Mchoraji, hata watoto wa madrasa, hata mkewe akiwa amemkasirikia. Siku ya kwanza kuongea naye mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Alikuja barazani kwangu, kanzu ameikunja mpaka magotini, kandambili mkononi.

"Fundi, niazime futi yako. Yangu imeliwa na panya."

"Shikamoo mzee. Yangu ni ya kupimia viuno, inaishia mita moja na nusu."

"Marahaba. Basi tutapima mara nyingi."

Alitaka kujua maji yaliyokuwa yanakatiza mtaa wetu yana upana gani. Hakuna aliyemtuma. Nikashika upande mmoja, yeye mwingine, tukasogea na kusogea kwenye tope, wateja wangu wawili wakitutazama wakiwa na vitambaa vyao mapajani. Alipomaliza aliniuliza kama nina hati nzuri. Nikasema wanasema ninayo. Akanipa daftari. Nilidhani ni la siku hiyo moja.

Tangu hapo tulipima viwanja vingi, vingi vikiwa vya watu wenye haja ndogo: choo cha shule, ghala la mpunga, nyumba ya mjane mmoja wa Mtendeni. Alikuwa na utaratibu ambao sijaona kwa fundi mwingine. Akifika kwenye kiwanja hakai. Wenyeji wataleta kigoda, wataleta kiti cha plastiki wakakifuta vumbi, yeye atashukuru na kubaki amesimama mpaka amezunguka kote. Alikuwa akisema, "Nikikaa, nitapapenda nilipokaa." Kwa watu wa mjini haina shida. Kijijini kukataa kigoda ni tusi. Mama mkwe wa dada yangu, bibi mmoja mwembamba asiyemwogopa mtu, alimtazama siku ya kwanza akizunguka, akaniuliza kwa sauti ambayo wote waliisikia:

"Huyu mzee wenu wa mjini ana jipu?"

Na Mchoraji, badala ya kuona aibu, akamsalimu kwa Kinyamwezi chake cha kuungaunga, "Mwangaluka," ambayo ni salamu ya asubuhi, ilhali jua lilikuwa la saa tisa alasiri.

"Haya," bibi akasema, "kwake ndiyo kunakucha."

Tulicheka sote. Nakumbuka hata yeye alicheka. Nalitaja hili kwa sababu nitakayoyasema mbele yanaweza kumfanya mtu afikirie kwamba wawili hao walichukiana. Hawakuchukiana.

Alikuwa anaamini ardhi kuliko watu, lakini alikuwa anauliza watu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mnisamehe, ndivyo alivyokuwa, sijui nisemeje vinginevyo. Wazee wa kijiji wakijipanga kumweleza historia, atawasikiliza kwa adabu, kisha ataniambia pembeni nisiandike. Lakini atamfuata mchungaji nusu saa porini kumuuliza ng'ombe wanalala wapi masika, wanakataa kupita wapi, wanakula nini karibu na maji. Alikuwa anaonja udongo. Anaweka kidogo ulimini, anatema, anasema "mbuga" au "kichanga," nami naandika. Udongo wa mbuga, ule mweusi, kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia, masika unavimba kama unga wa maandazi. Ukijenga juu yake nyumba inapasuka ukuta hata kama mto uko mbali. Alitazama pia nyasi zilizonasa kwenye matawi, maana maji yakipita huacha takataka zake kwa urefu yaliyofikia. Na alitazama vichuguu. Alinifundisha kwamba mchwa hawajengi mahali ambapo maji yanakaa, kwa hiyo penye kichuguu kikubwa cha zamani ni pakavu.

Kitu kimoja alinisifu nacho mpaka leo najivunia, ingawa sijui kama nilistahili. Tulikuwa tunapima ukingo wa mto kiangazi, mto wenyewe ni mchanga mtupu, mbuzi wanavuka. Akaniuliza ningekuwa mimi ningepima wapi. Nikasema mimi mama mjamzito akija kushona gauni mwezi wa nne, simpimi tumbo nililoliona, naacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono kwa ajili ya mwezi wa nane. Alisimama kabisa. Akasema, "Andika hilo." Nikaona haya kuandika maneno yangu mwenyewe, nikaruka mstari. Mstari mtupu ule bado upo kwenye daftari la tatu.

Sasa ubaya wake, maana nikiandika mazuri peke yake nitakuwa nimedanganya.

Nyumba yake mwenyewe inaingia maji. Mlango wa mbele unatazama mtaa unakotelemka, na kila masika utamkuta na mkewe wanapanga viroba vya mchanga kizingitini. Nilimuuliza imekuwaje mtu kama yeye. Akasema, "Niliichora nikiwa na haraka ya kuoa." Mkewe akajibu kutoka ndani, "Na baada ya kuoa haraka ikaisha, ndiyo maana hajaitengeneza!"

Alikuwa mvumilivu kwa kiwanja, hana uvumilivu kwa mwenye kiwanja. Kwenye kile kijiji tulikwenda mara nne kwa mwaka mmoja, kila msimu, kwa nauli yake. Lakini mwenyekiti alipomuuliza swali lilelile mara ya pili, alikunja karatasi zake katikati ya mkutano. Pia alikuwa hapendi kusema "labda." Akiwa hajajua anasema, "Bado sijaona," ananyamaza hata miezi mitatu. Akishasema, amesema. Sijawahi kumwona akifuta mstari. Wakati ule niliona ni sifa.

Pale kijijini palikuwa na sehemu mbili za kuchagua. Juu mlimani, udongo mwekundu mgumu, upepo mzuri, hakuna nyumba jirani, mwinuko mkali. Na chini karibu na kivuko, mahali palipozungukwa na minyaa.

Wasiokujua huku kwetu niwaeleze. Minyaa ni ile miti ya utomvu mweupe ambayo Wanyamwezi hupanda kuzunguka boma. Haifi. Nyumba itaanguka, kuta zitarudi udongo, mahali patakuwa mahame, lakini minyaa itabaki imesimama duara, inaonyesha kwamba hapa watu walikaa. Kule chini duara lilikuwa kubwa, la boma la kaya tatu au nne, na ndani yake nyasi tupu.

Mchoraji alizunguka duara lile mara mbili. Kisha akaniambia, "Watu waliishi hapa wakaondoka. Kwa nini mtu aache boma zuri namna hii? Mto umewafukuza. Andika."

Bibi, yule mama mkwe wa dada, alikuwa amesimama hapohapo, ameshika jembe. Akasema, "Mimi nimezaliwa humo. Tuliondolewa na lori, wakati wa kuhamia vijijini. Walikuja asubuhi, uji ukiwa jikoni. Wengi tumerudi mtoni polepole, wala hakuna mto uliotufukuza."

Nilisikia vizuri. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilimtazama Mchoraji, naye alikuwa ameinama anatazama shina la mnyaa kama vile hajaambiwa kitu. Akasema tena, polepole, "Watu walihama kwa ajili ya mto." Nikaandika hivyo. Hayo ndiyo maneno yaliyomo kwenye daftari la nne, kwa hati yangu nzuri, na ya bibi hayamo.

Nimejaribu kuwa wa haki kwake. Palikuwa na ushahidi mwingine. Nusu ya eneo lile ni mbuga kweli, nilitia mkono wangu kwenye ufa. Palikuwa na nyasi kavu zimenasa kwenye kichaka kwa urefu wa magoti, akaniambia niandike "alama ya maji." Lakini haki hiyohiyo inanitaka niseme kwamba baadaye mchungaji mmoja aliniambia, "Dada, hizo nyasi nilitundika mimi, nilikuwa nakausha za kuezekea." Nilimfikishia Mchoraji. Akasema wachungaji wanapenda mizaha. Na ndani ya duara la minyaa mlikuwa na vichuguu vitatu, kimoja kirefu kuliko mimi. Nilimuuliza kuhusu hivyo, nikikumbuka alivyonifundisha. Akasema ni vipya. Sijui mchwa wanahitaji miaka mingapi kujenga kitu kirefu kuliko mtu. Sikuuliza tena.

Ramani ikachorwa. Nzuri, kila mti una kiduara chake, kila kichuguu, kila njia ya ng'ombe. Chini, ndani ya duara la minyaa, aliandika kwa wino: *Mto huja hapa.* Mkutano ukasomewa, wanaume wakapiga makofi, wanawake wakauliza mlima utapandwaje na mtu mwenye uchungu, mwenyekiti akasema bora kupanda kuliko kuzama. Zahanati ikajengwa juu. Ni jengo zuri. Madirisha yanapata upepo pande zote, na mchana wa kiangazi ndani kuna ubaridi, Mchoraji alijua kazi yake. Hilo nalo nalisema.

Miaka ikapita na mto wenyewe ukawa unapita njia yake. Watani wa pale wakaanza kuuita "mto wa Mchoraji," yaani ule usiofika.

Masika ya mwaka juzi dada yangu alishikwa na uchungu mapema. Alipanda mlima akiwa na bibi upande mmoja na wifi yake upande mwingine. Kulikuwa na utelezi. Hakufika juu. Mtoto alizaliwa njiani, wa kike, hakulia. Muuguzi aliteremka mbio, alifanya alichoweza kufanya kwenye tope. Baadaye nilimuuliza nikiwa nimejikaza: wangekuwa kitandani, ingekuwaje? Akasema kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni, kwa hiyo pengine ingekuwa vilevile. Neno "pengine" ni lake, sikuliongeza wala sikulipunguza. Dada hajawahi kumtaja Mchoraji kwa ubaya. Bibi naye hamtaji kabisa.

Mimi sikumwambia Mchoraji. Tulipokutana mtaani aliniuliza wa kwetu hawajambo, nikasema hawajambo. Sikutaka kumtwika, au niliogopa atakunja karatasi zake. Nimeyaweka yote mawili, sijui lipi ni la kweli zaidi.

Wiki iliyopita kamati ilipopiga simu, nilikwenda kwake. Miguu yake haifanyi kazi vizuri sasa, analazwa barazani kwenye kitanda cha kamba ili aone wapitaji. Macho yake bado yapo. Mkewe alinipisha akaenda kuangalia chungu chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Fundi. Umekuja na futi?"

"Nimekuja na ramani."

Nilimwekea kifuani, akaishika kwa mikono miwili, akaisoma kama mtu anayesoma barua ya mtoto wake. Nikamweleza habari ya wodi, na kwamba wanawake wanaitaka ndani ya minyaa. Alifuata duara la minyaa kwa kidole.

"Kile kijiji nilikijua kabla yako," akasema.

"Kwa vipi mzee?"

"Nilikuwa kijana ofisini. Walinipa karatasi nyeupe na rula, wakaniambia nichore kijiji kipya kule barabarani. Nyumba mistari, kila mstari sawa. Chini ya karatasi pana mahali pa sababu ya kuwahamisha. Nikamuuliza mkubwa wangu niandike nini. Akasema andika mafuriko. Nikaandika mafuriko."

"Na mafuriko yalikuwepo?"

"Sikwenda. Nilichora nikiwa palepale mezani."

Mtaani mtu alikuwa anauza sabuni kwa kipaza sauti.

"Halafu tukaenda mimi na wewe," akasema, "nikaona minyaa. Nilifurahi, Fundi. Nikasema moyoni, kumbe kweli, walikimbia mto. Miaka yote ile nilikuwa sina hakika, na pale nikaona kwa macho yangu."

"Bibi alisema ni lori."

"Nilimsikia."

"Mchungaji alisema nyasi ni zake."

"Nilimsikia naye."

Hasira ilinipanda, nikashindwa niielekeze wapi, maana mwandishi nilikuwa mimi. Nikamuuliza swali ambalo ndilo lililonipeleka: "Basi mto huja au hauji? Jumamosi niwaambie nini?"

"Sijui."

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akilisema neno hilo. Kisha akaniinulia kidole. "Lakini usiende kuwaambia kwamba mto hauji. Hilo nalo hatujui. Nusu ile ni mbuga, ulitia mkono. Wachimbe, wakae pale masika mbili tatu, wamuulize yule bibi maji yalikuwa yanafika wapi alipokuwa mtoto. Mimi sikumuuliza hilo."

"Masika mbili tatu, na watu wanajifungua kila wiki."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo."

Akaomba penseli. Pale alipokuwa ameandika kwa wino *Mto huja hapa,* akaongeza pembeni *nimeambiwa.* Nikadhani amemaliza, nikanyoosha mkono kuichukua ramani. Hakuiachia.

"Umesema nusu ya maneno leo," akasema. "Kuna nini kule kwa dada yako?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, pamoja na neno la muuguzi, ili nisimwonee. Hakuomba msamaha, wala sikuungoja. Aliuliza mtoto alikuwa wa kike au wa kiume. Nikasema wa kike. Aliuliza walikuwa wamefika wapi.

"Njiani, mzee. Mlimani."

"Wapi hasa? Nionyeshe."

Nikainama juu ya ramani. Nikafuata njia kwa kidole kuanzia kivukoni, nikapita mkuyu, nikapita jiwe ambalo wanawake hupumzikia, nikasimama juu kidogo ya hapo. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema bibi alinipeleka mwenyewe, nilisimama pale. Akachukua rula yake chini ya mto wa kulalia, akapima kutoka kwenye jiwe, akapima kutoka kwenye mlango wa zahanati, taratibu, kama alivyopima kila kitu. Kisha akachora kiduara kidogo, sawa na vile vya miti na vichuguu.

Kila kiduara kwenye ramani ile kina neno pembeni yake. Alishika penseli juu ya karatasi.

"Tuandike nini, Fundi?"

Alinirudishia ramani, na pembeni ya kiduara kile pako wazi. Jumamosi nitaipeleka hivyohivyo, nitaikunjua mezani mbele ya wanakamati, na bibi atakuwa amekaa mbele. Nitasoma kila neno lililomo kwa sauti, na nikifika pale palipo wazi nitampa bibi penseli.